Toi: Kivuli kipo, ubaridi haupo

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Nairobi basi bila shaka Soko la Toi walijua, na yamkini walijua kwa jambo moja tu: mitumba. Unashuka kituo cha Adams katika Barabara ya Ngong, unapenya katikati ya wachuuzi wa matunda na viatu, unainamia rundo la mashati, unapatana bei, unarejea kwako na kifurushi kwapani. Jicho lako limekuwa chini muda wote. Safari hii nakuomba uende siku ya jua kali, tuseme mwezi wa Februari mwendo wa saa nane mchana, uyaache mashati kidogo na uinue macho.

Utaona kwamba vijia vya Toi vimefunikwa karibu vyote. Ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kugeuka ubavu ili mwenzake apite. Juu yao wenye vibanda wametandaza maturubai na magunia yaliyoshonwa pamoja, nayo mabati yamechomoza kutoka upande huu na upande ule hadi yanakaribia kugusana. Jua linaingia kwa vitundu tu, na vitundu hivyo vinachora madoadoa mepesi juu ya nguo.

Mtu aliyewahi kutembea mji wa kale wa Lamu atasema: mambo haya nimeyaona. Kule nako vichochoro ni vyembamba, upana wake ukitosha punda mwenye mizigo kupita, na kuta za nyumba zimesimama wima pande zote mbili hata jua likashindwa kufika chini ila adhuhuri, tena kwa kitambo kifupi. Mji ulio digrii mbili na ushei tu kusini mwa ikweta hauwezi kuchezea kivuli.

Lakini hebu nyosha mkono. Lamu, ukuta wa kichochoroni ni baridi hata mchana. Toi, liguse bati la kibanda lililopigwa na jua tangu asubuhi, na utauondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria mekoni. Ingia ndani ya kibanda ukae dakika tano. Kivuli kipo, lakini ubaridi haupo. Jasho linakutiririka, na muuzaji anajipepea kwa kipande cha katoni. Kwa nini kivuli cha Lamu kipoze na cha Toi kichome? Ili kulijibu swali hili itatubidi tusafiri pamoja hadi pwani kwanza, kisha turudi hapa hapa, hatua chache kutoka sokoni, ambako jibu lingalipo kwa wanaojua pa kulitazama.

Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hutokana na matumbawe hayo hayo yaliyochomwa tanurini. Ukuta wake hufikia unene wa nusu mita. Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza. Jua likiupiga ukuta kama huo, joto huanza kuingia asubuhi na kutambaa polepole ndani ya jiwe. Linapokaribia kutokea upande wa pili, karibu nusu siku imepita, jua limetua, na upepo wa bahari unavuma. Wenye nyumba wameepukana na joto la mchana, na usiku wanalitoa nje. Chokaa nyeupe iliyopakwa kuta nayo hurudisha sehemu kubwa ya mwangaza wa jua ulikotoka.

Dari nayo si nyepesi. Ni boriti za mikoko zilizopangwa, juu yake mawe, na juu ya mawe tabaka nene la chokaa. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba, kwani mkoko hautoi zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi zenye nguvu ya kubeba mzigo kama huo. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. (Wanafunzi wa jiografia watapenda kujua kwamba boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba ya Uajemi, zikiuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zilipata upana wa vyumba vyake kutokana na mti huo huo wa Lamu. Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa mikoko nje ya nchi mwaka wa 1982.)

Siri ya pili haionekani, kwa maana ni uwazi. Ukipita mlango mkubwa wa nakshi, baada ya daka lenye viti vyake vya mawe, unafika kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa. Vyumba vinaelekea kiwanda hicho badala ya kuelekea njia. Hewa yenye joto hupanda na kutokea juu ya kiwanda, na hewa ya baridi kutoka kwenye vichochoro vyenye kivuli huvutwa ndani kujaza pengo. Jiko limepandishwa juu kabisa darini, chini ya makuti, ili joto na moshi vipotelee angani bila kuwapitia walio chini. Msanifu majengo Usam Ghaidan, ambaye kitabu chake juu ya mji wa Lamu kilitoka mwaka wa 1975, aliichora mipango ya nyumba hizi kwa makini sana. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2001, UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa msomaji, usije ukadhani kwamba kila Mswahili alikaa katika jumba la mawe. Hayo yalikuwa makao ya waungwana na matajiri. Mvuvi, seremala, mpagazi na mjakazi walikaa katika nyumba ya udongo na makuti. Nyumba hiyo ya watu wa kawaida ndiyo iliyofunga safari ikaja bara, na ndiyo inayotuhusu zaidi.

Nyumba yenyewe ni rahisi kuieleza. Nguzo husimikwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba huku na huku, kisha udongo uliokandwa ukajazwa katikati na kukandikwa juu. Ukuta unafika unene wa shibiri moja hivi. Juu kuna paa la makuti lenye mteremko mkali, lililopita kuta na kushuka mbele hadi likafunika baraza. Makuti hayashiki joto, na tena yanapumua. Kati ya ukuta na paa huachwa nafasi ili hewa ya moto itoke. Mlango wa mbele ukiufungua unaona ukumbi uliokwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, vyumba viwili au vitatu kulia na vingine kama hivyo kushoto. Mlango wa nyuma unatokea uani, ambako kuna jiko, choo, na aghalabu mti.

Itazame vizuri ramani hiyo. Ukumbi haukuwekwa pale kwa ajili ya miguu pekee. Ni njia ya upepo. Baraza huupoza upepo kwa kivuli kabla haujaingia, ukumbi huupitisha, ua huutoa. Ukiziba sehemu moja, nyumba nzima inakuwa chungu cha kufunika.

Nairobi ilipoanza kukua, ramani hii ilikuja pamoja na watu wa pwani, askari, wapagazi na wafanyabiashara. Majengo ya Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, yalijengwa kwa mtindo huo huo: baraza, ukumbi, vyumba pande mbili, ua. Minazi haipo Nairobi, kwa hiyo makuti yaliwapa nafasi madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na baadaye mabati.

Kibera nako kulikuwa na wageni wengine. Wanubi, wazao wa wanajeshi kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, waliruhusiwa kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Mwaka wa 1918 sehemu hiyo ilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Nafasi ilikuwepo ya kupanda mahindi, kufuga na kujenga nyumba pana chini ya miti.

Hapa naomba nikengeuke kidogo. Wapenzi wa usanifu wa majengo hutaja sana kuba za matofali mabichi za Nubia, zile ambazo Mmisri Hassan Fathy alijifunza kwa mafundi wa karibu na Aswan katika miaka ya 1940 na kuzitumia alipojenga kijiji cha New Gourna. Niliwahi kumsikia mwanafunzi mmoja akidai kwamba Wanubi wa Kibera walijenga hivyo pia. La hasha! Wanubi wa Kenya walitoka katika makabila mbalimbali ya Sudan, na isitoshe kuba ya matofali mabichi hufaa mahali ambapo mvua ni hadithi. Ijenge Kibera mwezi wa Februari, na kufika Mei utakuwa unaikanyaga. Wanubi walitumia akili. Walichukua miti, udongo na paa lenye mteremko, na ramani iliyofanana sana na ile ya Mswahili.

Haya, turudi sokoni. Ukitoka Toi kwa upande wa kusini unaingia Makina, kijiji cha Kibera ambako Wanubi wengi wangali wanaishi. Kutembea kwenyewe ni dakika chache. Huko nilikaribishwa na bibi mmoja mwenye nyumba, ambaye vijana wa hapo humwita haboba, kwa maana ya nyanya.

"Ingia mwanangu, upumue," aliniambia.

Na kweli nilipumua. Nyumba yake ni ya udongo, imepakwa saruji nyembamba kwa nje, paa ni la mabati lakini ndani amepigiwa dari ya mbao iliyokuwa imekwisha geuka rangi ya chai. Mchana ule, hatua mia chache kutoka kwenye kile kibanda kilichonitoa jasho, sakafu ya chumba chake ilikuwa baridi miguuni. Nilimuuliza kuhusu ukumbi.

"Zamani," akasema, "tukifungua huu na ule wa nyuma, koroboi ilikuwa haiwaki hapa. Upepo ulikuwa unaizima. Mama alikuwa akitugombeza."

Nikaenda hadi mwisho wa ukumbi kuutazama mlango wa nyuma. Uliufungukia ukuta wa bati, umbali wa hatua moja. Ua wote ulikuwa umejengwa vyumba vya kupangisha.

"Nani alijenga?" nikauliza, nikidhani nitasikia habari za wanyakuzi wa ardhi.

"Ni sisi wenyewe," akajibu bila kusita. "Watoto walikua, karo ikadaiwa. Ua haulipi kodi, mwanangu."

Sentensi hiyo ya mwisho nimeitafakari tangu siku ile. Tumezoea kusema kwamba nyumba za zamani zilikuwa za baridi kwa sababu ya udongo na makuti, na kwamba mabati ndiyo yaliyoleta balaa. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nyumba hizo zilipozwa na sehemu zisizo na kitu: baraza, ukumbi, ua, lile pengo chini ya paa. Mjini kila sehemu isiyo na kitu inakodolewa macho na mtu mwenye shida. Baraza limekuwa kioski cha mboga. Ukumbi umekuwa jiko la familia sita, makaa yanawaka mchana kutwa. Ua umekuwa vyumba, vile vya futi kumi kwa kumi ambavyo kila mpangaji wa Nairobi anavijua, mlango mmoja, dirisha dogo au hakuna kabisa. Ramani ya Mswahili ingali pale, lakini mishipa yake imezibwa.

Nao Wanubi wenyewe, ardhi ya kupumulia iliwapungukia kadiri mji ulivyopanuka. Walipokabidhiwa hatimiliki ya pamoja mwezi wa Juni 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Sasa tulitazame bati lenyewe, maana nalo lina mashtaka yake. Bati la nyumba za kupangisha halifiki unene wa nusu milimita. Halina pa kuliweka joto wala halina namna ya kulichelewesha. Jua likilipiga nje, dakika chache baadaye joto linashuka ndani moja kwa moja kichwani mwako. Bati likiwa jipya na linang'aa hurudisha mwangaza kiasi, lakini likishika kutu hunywa jua kama kitambaa cheusi. Usiku mambo yanageuka. Bati lile lile hutupa joto lake angani upesi, likawa baridi kuliko hewa ya chumbani, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone yanayodondoka blanketini. Nairobi iko juu mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai hapa si mchezo. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati huadhibiwa mara mbili, mchana kwa joto na usiku kwa baridi. Ukuta mnene ungemkinga na yote mawili.

Huenda wewe unayekaa ghorofani ukasema Nairobi haina joto la kutisha, redio husema kila siku nyuzi 26 au 27. Basi jua kwamba nyuzi za Nairobi hupimwa pia Dagoretti Corner, makao makuu ya idara ya hali ya hewa, umbali mfupi tu kutoka Toi kwa matatu. Vipimo vyake vimewekwa penye majani na hewa wazi, kama inavyotakiwa. Katika msimu wa joto wa 2015 hadi 2016 watafiti walitundika vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru, wakalinganisha na kituo hicho. Joto la mitaani lilizidi la Dagoretti kwa nyuzi kadhaa. Redio haikusema uongo, ila ilikuwa ikisoma habari za mahali pengine.

Kwa mtu mzima mwenye afya, nyuzi hizo chache ni kero. Kwa mtoto mchanga ni jambo lingine. Pale Toi nilizungumza na mama mmoja auzaye nguo za watoto, naye akiwa na wake wa miezi saba mgongoni. Anakaa chumba cha mabati matupu, kuta na paa.

"Halali mpaka saa nne usiku," alisema. "Analia tu, mwili umejaa vipele vya joto. Nikifungua mlango anatulia. Lakini mlango wazi usiku, ndugu yangu, hapa kwetu, wewe mwenyewe wajua."

Najua. Dirisha aliambiwa na mwenye nyumba kuwa ni la kuwapa wezi njia. Hapo nikakumbuka tena baraza la pwani, ambako wazee hukaa hadi usiku wakinywa kahawa. Tumelisifu baraza kwa mazungumzo na kivuli, lakini lilikuwa pia na kazi ya ulinzi. Penye watu barazani, mlango uliweza kubaki wazi na upepo ukaingia. Ukiliondoa baraza unaondoa mlinzi, na ukimwondoa mlinzi unafunga mlango, na mtoto anapata vipele.

Ajabu ni kwamba mama huyu aliwahi kupanga chumba cha udongo na akakihama kwa hiari yake. Nilipomuuliza sababu alicheka. Udongo, alisema, hubanduka kila mvua ya Aprili, panya hutoboa, kunguni hujificha katika nyufa, na mwenye nyumba hakandiki hadi umpigie magoti. Bati unalifuta kwa kitambaa. Sisi tunaoandika habari za nyumba za kale huku tukiwa tumekaa penye sakafu ya vigae inatupasa kuyasikia maneno kama hayo. Udongo hudai mikono kila mwaka. Pwani mikono hiyo ilikuwepo, jirani alimkandikia jirani. Mpangaji wa Kibera hana wakati, na ukuta si wake.

Jambo jingine ambalo siwezi kulipita ni moto. Vivuli vya Toi vya turubai na gunia, vilivyoshikiliwa na vijiti juu ya nyaya za umeme, vimewahi kuteketea zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, soko lilichomwa. Liliungua tena 2019, na tena Oktoba 2024, na kila mara wachuuzi walirudi na misumari wakaanza upya. Kichochoro chembamba cha Lamu hakina neno kwa sababu kuta zake ni jiwe. Wembamba ule ule ukijengewa mbao na nailoni unakuwa utambi. Kwa hiyo anayekuja na shauri la kuiga Lamu Kibera, aanzie hapo.

Ukitoka Toi ukapanda gari la kwenda Kawangware utaona sura nyingine ya kisa hiki. Kule ploti nyingi zimejengwa kwa safu mbili za vyumba vinavyotazamana, na katikati kuna njia ya wazi yenye kamba za kuanikia nguo na mfereji mmoja. Ni ua, ingawa hakuna anayeuita hivyo. Katika ploti moja niliyoingia njia hiyo ilikuwa na upana wa hatua nne na mti wa mparachichi, na wapangaji walikuwa wameketi chini yake wakichambua sukuma. Katika ploti ya jirani mwenye nyumba alikuwa ameongeza safu ya tatu katikati. Hapakuwa na mtu aliyeketi nje, maana nje yenyewe haikuwepo.

Je, mpangaji wa kawaida afanyeje? Udongo hawezi kuurudisha, ua hawezi kuununua. Nilirudi Toi kumtafuta fundi wa milango na madirisha anayefanyia kazi ukingoni mwa soko, nikamweka chini kwa chai. Alisema kwamba kinachosaidia kuliko vyote ni dari, hata iwe ya plaiwudi nyepesi, mradi ibaki nafasi ya upana wa kiganja kati yake na bati, na nafasi hiyo iwe na matundu pande mbili ili hewa ya moto itoke. Hiyo, msomaji, ndiyo kazi ya lile pengo la chini ya makuti. Katoni na magunia alivikataa kabisa, kwa sababu ya nyaya. Rangi nyeupe juu ya paa alisema inafaa, ila ipakwe upya mvua zikiisha. Na dirisha, aliongeza, liwe dogo na liwe juu, mkabala na mlango, lenye nondo: mwizi hapiti, na upepo unapata pa kutokea. Tundu moja peke yake halileti upepo hata uliongeze ukubwa.

Hakuwahi kufika Lamu. Nilimuuliza alijifunzia wapi, akasema kwa mjomba wake, aliyekuwa akiezeka nyumba za nyasi kwao Busia.

Yule mama wa nguo za watoto nilimpeleka kwake siku hiyo hiyo, kabla soko halijafungwa. Fundi akapiga hesabu ya mbao na plaiwudi kwenye kipande cha karatasi. Bei ilimfanya mama anyamaze kidogo. Hakulalamikia ukubwa wake. Shida yake ilikuwa nyingine: mwenye nyumba amekwisha mwambia kwamba kitu chochote kikipigiliwa kwenye chumba ni mali ya chumba. Akihama dari inabaki, na yule atakayeingia ataongezewa kodi kwa ajili yake.

Fundi alikuna kichwa kwa kalamu. Kisha akaigeuza ile karatasi na kuanza kuchora upya, fremu nne ndogo badala ya moja kubwa.

"Hatutapigilia, mama," alisema. "Nitatumia skrubu."

Mama alimshusha mtoto mgongoni, akamweka juu ya rundo la sweta, akatoa pesa za kutanguliza.